Uvimbe Usiosikia

Newtown, Birmingham
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada Ndinda,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu wote mnaolala nao hapo hosteli ya wagonjwa, hata wasionijua. Sisi huku tu wazima. Wavinya amefikisha miaka tisa, na bado nikimwuliza jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, halafu anashangaa kwa nini nimenuna. Mwaitu aliniambia Jumatano kwamba watoto wako, wajukuu wake, wanakula vizuri huko Mwala na kwamba yule mdogo amekataa kunyolewa mpaka urudi. Baridi ya huku usiniulize. Majuzi kulikuwa na mpira Aston, mabasi yakanipita matatu yamejaa mashabiki, nikafika kazini sihisi vidole.

Barua hii anakuletea Kendi, yule muuguzi wa Meru tunayesali naye. Kesho asubuhi namsindikiza Digbeth apande basi la uwanja wa ndege. Najua simu huitaki, unasema sauti yangu ikikatika katikati unabaki unalia na simu mkononi. Basi tuandikiane kama tulivyozoea.

Sasa jambo lenyewe. Uliniuliza kwa nini mama mmoja hapo alimaliza mionzi yote na uvimbe ukabaki, na jirani yake akapona kwa mashine ileile. Umemwuliza mtu anayejua, kwa sababu hilo ndilo tunalofanya hapa maabara. Mionzi inakatakata uzi wa DNA ndani ya seli ya saratani. Seli ikishindwa kujishona, inakufa. Sasa kuna vitu vidogo mno humo ndani, vinaitwa maikro-RNA, na kazi yake ni kunyamazisha maagizo ya seli. Zikimnyamazisha fundi wa kushona, mionzi inashinda. Zikimwachia fundi afanye kazi yake, seli inajishona na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Tumepima sampuli nyingi za saratani ya mlango wa kizazi na tumeliona hilo. Kwa hiyo ujue, dada, kuna uvimbe ambao hata uuchome vipi hausikii. Umeshaamua tangu siku ya kwanza.

Wako utasikia, nina hakika. Nasikia unaanza tarehe ishirini na nne. Kunywa maji kama walivyokuagiza, usiogope mashine.

Mdogo wako,
Mumbua


Nairobi
2 Machi 2025

Mumbua,

Salamu zako zilifika. Mwaitu mzima, watoto wazima. Nimemaliza habari za nyumbani.

Kendi alileta barua yako siku tumemaliza uji wa saa kumi. Unajua kwetu barua ya ng'ambo haisomwi kimya. Uliona Baba alivyokuwa akisimama nazo uani, watu wameletewa viti, anarudia pale palipopendeza. Na mimi nilifanya hivyo. Tuko wanawake kumi na wanne chumba hiki, wa kila pembe ya Kenya, na hatuna redio. Nilikaa kitanda cha karibu na dirisha nikawaambia nyamazeni, hii ni ya mdogo wangu, daktari wa saratani kule Birmingham. Wakanyamaza kweli. Wewe hujawahi kuona watu wakisikiliza hivyo.

Nikasoma yote. Nikasoma na pale.

Kuna msichana anaitwa Jelagat, wa Nandi, miaka ishirini na tisa, watoto wawili. Alikuwa amechomwa mara kumi na moja kati ya ishirini na tano, na damu ilikuwa bado inamtoka. Akaniambia, dada, rudia hapo. Nikarudia, mimi mjinga, kwa majivuno ya kuwa na mtu msomi. Akauliza, kwa hiyo kama ni ule usiosikia, wananichoma bure? Nikatafuta jibu kwenye karatasi yako, wewe hukuandika la kujibu. Uliandika umeshaamua tangu siku ya kwanza, ukaweka nukta, ukaenda kwenye habari za maji.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Chupa yake ya maji, ile tunayoimaliza kabla ya kuingia mashineni, aliiacha imejaa. Wengine wawili nao walifunga mizigo, nikagombana nao mlangoni mpaka wakaifungua. Yeye simu ameizima.

Nimekasirika, Mumbua. Sijui kama nimewahi kukukasirikia hivi. Ulikuwa unamwonyesha nani kwamba unajua? Mtu yuko uchi mezani, miguu imefungwa, anahesabu siku zilizobaki, halafu wewe unamwandikia kwamba matokeo yalishaamuliwa na vidudu visivyoonekana. Kama hukuwa na dawa ya hilo jambo, ulituambia la nini?

Kendi anarudi huko Jumanne. Nampa hii.

Ndinda


Newtown, Birmingham
9 Machi 2025

Dada Ndinda,

Habari za huko. Wavinya alikuwa na homa, imepoa. Namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na mpaka sasa sijakaa vizuri. Nami nimekasirika, kwa hiyo tuko wawili. Niliandika kwa dada yangu. Juu ya bahasha niliandika jina lako peke yake. Nani alikutuma usimame kama Baba na kuisoma kwa watu kumi na watatu wenye ugonjwa, ambao sijui hali zao, na wao hawanijui? Ungeniuliza kwanza. Ungesoma mwenyewe, ukaacha yale ya wewe na mimi.

Lakini kosa la maneno ni langu na wacha nilirekebishe. Tulichokiona kwanza tulikiona kwenye seli zinazofugwa kwenye visahani vya plastiki. Visahani, Ndinda, si watu. Kisha ndipo zikapimwa sampuli za wanawake waliokwisha kutibiwa, na kilichopatikana ni hesabu ya wengi kwa pamoja: wale wenye maikro-RNA fulani kwa wingi, wengi wao uvimbe uliyeyuka, wenye chache, wengi zaidi ulirudi. Wengi, si wote. Na maabara nyingine wakipima wanapata jibu tofauti kidogo na letu. Sijasikia hospitali yoyote, ya hapa wala ya huko, inayompima mtu kitu hicho ikamwambia rudi nyumbani. Haipo. Wanaotafuta jambo hili wanatafuta namna ya kuufanya uvimbe mkaidi usikie. Hawatafuti nani wa kufukuzwa.

Na hili mwambie Jelagat kwa nguvu zote: kukaa bila mionzi ndiko kunakoua. Wanapiga kila siku ya kazi kwa sababu seli zilizobaki zikipewa nafasi zinajishona na kuzaana. Mionzi yote, ya nje na ile ya ndani inayopitishwa kizazini, inatakiwa iishe kama ndani ya wiki nane. Yeye anazidi kuzipoteza. Tafuta namba ya mtu wake yeyote. Mwombe muuguzi afungue faili.

Kuhusu neno daktari, tutazungumza siku nyingine.

Na wewe? Umefikia mara ya ngapi? Umeandika kurasa mbili na hukuniambia.

Hii anaileta Derrick, mhasibu wa kanisa letu. Atakuwa Nairobi wiki mbili.

Mumbua


Nairobi
23 Machi 2025

Mumbua,

Mwaitu anasema umpigie, ana neno kuhusu shamba. Watoto wamefunga shule nusu muhula wakarudi. Yule mdogo nywele zimekuwa kichaka.

Nimempata. Muuguzi alikataa kufungua faili, na alifanya vizuri, lakini mmoja wa chumbani alijua kituo cha kununulia majani chai karibu na kwao. Jumatatu nikapanda gari la Kapsabet. Jumatano ndipo nikafika mlangoni kwake, maana siku ya kwanza nilielekezwa kwa Jelagat mwingine, bibi wa miaka sabini. Nilimkuta wangu jikoni akichambua mboga za managu. Amekonda. Amekaa juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, na anajifanya ni mto wa kawaida.

Nilimwambia yote uliyoandika: visahani, wengi si wote, wiki nane. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu. Kisha akasema, dada, mara ya kwanza daktari wenu alisema umeshaamua. Sasa anasema haujaamua. Nimwamini yupi?

Mumbua, nilitamani ungekuwa umekaa pale kwenye kigoda ujibu mwenyewe.

Sasa anataka hivi. Anataka karatasi. Yenye jina lako, cheo chako, na muhuri wa maabara, iseme kwamba uvimbe wa Jelagat ni wa wale wanaosikia. Akiiona atarudi siku hiyohiyo. Mama yake pia amesema hivyo, na mama yake ndiye anayeshika watoto, kwa hiyo bila yeye hatoki. Nililala kwao, nikarudi Ijumaa.

Najua utasema hujaupima. Sikuulizi kama umeupima. Ile ya kwanza uliandika bila kumpima mtu na ilimwondoa kitandani. Andika na hii imrudishe. Piga muhuri. Kama nimekuita daktari mbele za watu miaka sita na hukunikanusha, basi leo kuwa daktari kwa siku moja.

Uliniuliza kuhusu mimi. Mimi ni mzima wa kutosha kupanda gari mpaka Kapsabet.

Ndinda


Newtown, Birmingham
30 Machi 2025

Dada Ndinda,

Sitaanza na salamu leo, utanisamehe.

Uliondoka Jumatatu ukarudi Ijumaa. Najua kuhesabu. Siku tano za mionzi, zako wewe, umezitupa barabarani, baada ya mimi kukuandikia kwamba kukaa bila mionzi ndiko kunakoua. Ulikuwa na mtu wa kumtuma. Ulikuwa na Mwaitu wa kumuuliza. Hapana, lazima wewe mwenyewe uende, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na wewe ndiye uliyesoma barua. Watoto wako watatu wanakusubiri Mwala na wewe unazunguka kwenye majani chai. Nimelia kwa hasira chooni kazini mpaka mwenzangu akagonga mlango. Ukiipata hii, asubuhi yake nenda kwa daktari wako umwambie zile siku tano, wakupangie namna ya kuzifidia. Usiseme ulikuwa na homa. Sema ulikuwa wapi.

Sasa kuhusu karatasi.

Nilimwendea Brigid, mkuu wa maabara yetu. Nilimweleza kila kitu, maana nilitaka anipe muhuri kwa ruhusa yake. Akaniuliza, lakini Mumbua, nani aliwaambia wewe ni daktari? Nikamwambia si mimi niliyewaambia. Ni kweli, si mimi. Mwaka ule nilipopata kazi nilimwambia Mwaitu naingia maabara ya saratani, Mwaitu akawaambia kanisani nimekuwa daktari wa saratani, na mimi nikasikia nikacheka tu. Halafu mwaka wa pili sikucheka, nikanyamaza. Ilinipendeza.

Ndinda, mimi nabandika lebo kwenye vichupa. Sampuli zikija nazipa namba, nazipanga kwenye friza, naandika kwenye kompyuta ni rafu ipi na sanduku lipi. Nikiitwa naleta, wakimaliza narudisha. Mambo ya maikro-RNA nayajua kwa sababu mkutano wa Alhamisi unafanyika chumba cha jirani na friza na Brigid ananiruhusu nikae nyuma. Naelewa mengi, sijidharau. Lakini niliposema tumepima na tumeliona, mimi sikupima wala sikuona.

Brigid alikataa. Alipotoka kwenda kula nilifungua droo yake. Muhuri uko mle. Niliupiga kwenye karatasi tupu, nikaandika jina la Jelagat, nikaandika unasikia. Ilionekana ya kweli kabisa. Ndipo nikaona kwamba ningemfanya tena kilekile nilichomfanya mara ya kwanza, na safari hii akirudi, akamaliza, uvimbe ukabaki, atakufa akiwa na karatasi yangu mkononi. Nikaichana.

Hukuniomba hii, lakini ndiyo ninayokupa. Msomee Jelagat. Kisha uwasomee na hao wa chumbani, kwa sauti, kwenye kitanda kilekile, na usiruke mstari:

Jelagat, mimi ni Mumbua, mdogo wake Ndinda. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuandika namba kwenye vichupa na kuvitunza. Niliandika kwamba kuna uvimbe ulioamua tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyenituma niseme hivyo, na si kweli. Nilitaka nionekane ninajua. Kama uvimbe wako unasikia au hausikii, sijui. Wakubwa wangu hawajui. Daktari wako hajui, na akisema anajua mwambie akuonyeshe alivyojua. Ninachokijua ni hiki kimoja, kwa sababu kinapita mikononi mwangu. Kwenye orodha yetu kuna namba za wanawake ambao maikro-RNA zao zilikuwa upande mbaya kabisa, upande ule uliokutisha. Safu ya mwisho inasema kila mmoja yuko wapi baada ya miaka mitano. Wapo waliokufa. Na wapo wengi wameandikwa hai. Wale wote walioandikwa hai walimaliza mionzi yao. Sina muhuri wa kukupa. Nakuomba msamaha, na nakuomba urudi.

Hii naituma kwa ndege ya vifurushi, itakufikia baada ya siku nne. Jibu upesi.

Mumbua


Nairobi
3 Agosti 2025

Mumbua,

Najua nimekaa miezi minne. Uliandika mara tatu, zote nimezipata, na mara ya mwisho ulimpigia muuguzi mpaka akachoka na wewe. Sikutaka kujibu. Sasa nataka.

Watoto wazima. Mwaitu mzima, goti tu. Nilimsomea na yeye barua yako, ile yote. Akasema afadhali, alikuwa anaogopa ukija watu watakuletea wagonjwa mpaka mlangoni. Kanisani atawaambia mwenyewe.

Nilimsomea Jelagat kwa simu, maana kijana wa kituo cha chai alikubali kumpelekea yake. Nilipofika pale pa sijui, wakubwa wangu hawajui, akanikatiza. Akasema, kwa hiyo hakuna anayejua? Nikamwambia hakuna. Akasema tena, hata huko Uingereza? Hata huko, nikamwambia. Nikasikia anamwambia mama yake kwa lugha yao, maneno marefu, mama anajibu, wanagombana. Kisha akarudi kwenye simu akasema, dada, mimi nilidhani wote mnajua na mimi ndiye mnayenificha. Jumanne alikuwa hapa na mkoba wake.

Madaktari walimfokea, alistahili na hakustahili. Walimpangia upya, mara nyingi zaidi kuliko mwanzo, na wakamwambia wazi kwamba hizo wiki saba hazirudishwi. Alimaliza mwishoni mwa Mei. Damu ilikoma. Mwezi huu anakuja kupimwa, hajui watakachokuta, na mimi sijui. Hao kumi na wawili wa chumbani niliwasomea kama ulivyoagiza. Mmoja alikutukana, nikamwacha amalize. Hakuna aliyeondoka.

Mimi nilimwambia daktari wangu zile siku tano. Aliniongezea za kufidia, nikamaliza zote ishirini na tano, na zile tatu za ndani, ambazo sitakuandikia zilivyo. Juzi wamenipiga picha ya miezi mitatu. Uvimbe umepungua nusu. Nusu imebaki. Imekaa tu pale.

Usiniulize kama ni zile siku tano ama ni maikro-RNA zenu. Nilimwuliza daktari, huyu ni daktari kweli, amesomea, akasema hawezi kujua, labda uvimbe ungebaki hata kama nisingezikosa zile siku tano. Nilikasirika nikatamani kumrushia faili. Ningependa mtu mmoja tu aniambie kwa hakika ni kosa la nani, hata kama ni langu. Hakuna. Na ukinirudishia hiyo wiki leo, bado nitapanda gari la Kapsabet, kwa hiyo usianze kunihubiria.

Nilikukasirikia kwa barua ya kwanza. Hiyo imekwisha. Ninayokukasirikia sasa ni hii: miaka sita unaniambia Desemba, Desemba ikifika tikiti imepanda, likizo imekataliwa, Wavinya ana mtihani. Nilikuwa naamini. Sasa najua ulikuwa huji kwa sababu ungeitwa daktari njia nzima kutoka uwanja wa ndege mpaka Mwala. Umenikosesha dada miaka sita kwa ajili ya neno ambalo hata sikulihitaji. Sikuwahi kuhitaji daktari kutoka huko, wapo hapa. Nilikuwa nahitaji mtu wa kunishika mkono nikitoka kwenye ile mashine ya ndani, na nilishikwa na Jelagat, ambaye nilikuwa karibu nimuue.

Wananianzishia dawa ya mshipa Jumatatu, tarehe ishirini na tano. Nitatapika na nywele zitatoka, na sitaki Mwaitu awe wa kwanza kuona.

Usiniandikie tena. Njoo, uwe umefika Jumapili.

Ndinda